Masomo Tisa, Safari Moja

Kijana wa Kigali anayetaka leseni ya rubani binafsi hukutana kwanza na masomo tisa. Sheria za anga. Ndege na mitambo yake. Utendaji wa ndege, yaani uzito, mafuta na umbali inaohitaji ili iruke. Mwili na akili ya binadamu angani. Hali ya hewa. Uongozaji wa safari kwa ramani na dira. Taratibu za safari. Kanuni za kuruka, yaani kwa nini bawa hubeba ndege. Na mawasiliano ya redio.

Orodha hii haikutungwa Rwanda. Imo katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944 na kuzaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Rwanda, inayotoa leseni hapa Kigali, inafuata viwango vile vile vinavyofuatwa Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina hata wakala wake, CASSOA, wenye makao Entebbe, ambao kazi yake ni kuoanisha kanuni za usalama wa anga za nchi wanachama. Viwango hivyo vinataka mwombaji awe ametimiza miaka 17, na awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 kama amefuata mafunzo yaliyoidhinishwa.

Saa za kuruka ndizo zinazokula fedha, maana kila dakika injini inapowaka mafuta yanaungua na mwalimu analipwa. Nadharia inasomewa mezani, usiku, kwa gharama ya vitabu na mwanga wa taa. Labda kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huidharau. Huiona kuwa kizuizi cha kuvukwa upesi ili wafike kwenye ndege. Mikusanyiko ya maswali ya kuchagua jibu inapita kutoka simu hadi simu, na mtu anaweza kuikariri mpaka akalijua jibu kabla ya kulimaliza swali. Mtu huyo atafaulu. Siku atakapokaa peke yake kwenye usukani na vilima vya Rwanda viko mbele yake, hakuna atakayemwekea majibu manne achague moja.

Sura hii inatetea jambo moja: masomo tisa ni safari moja iliyokatwa vipande tisa ili iweze kufundishika, na kazi ya mwanafunzi ni kuviunganisha tena. Kigali ni mahali pazuri mno pa kufanyia kazi hiyo, kwa sababu mwinuko wake, joto lake na milima yake haviruhusu somo lolote likae peke yake.

Hesabu ya saa tisa alasiri

Tuanze na taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Kanombe, hapa Kigali, kwa namna marubani wanavyoisoma. Huu ni mfano wa mazoezi:

HRYR 121300Z 09006KT 9999 SCT045 27/15 Q1020

HRYR ni jina la uwanja wa Kigali katika orodha ya ICAO. 121300Z ni tarehe 12, saa 13:00 kwa saa ya dunia. Mwanafunzi wa Kigali ana kazi mara mbili hapa: aongeze saa mbili apate saa ya Rwanda, 15:00, kisha aiweke katika saa anayoishi nayo kila siku, saa tisa alasiri. Asilione jambo hili dogo. Jua la Kigali huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na rubani ambaye hajafundishwa kuruka usiku lazima awe ametua kabla ya giza. Anayekosea saa kwenye karatasi huja kulipia kosa hilo jioni.

Tuendelee. Upepo unatoka nyuzi 090, yaani mashariki, kwa kasi ya noti 6, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. 9999 maana yake unaona mbali kilomita 10 au zaidi. SCT045 ni mawingu yaliyotawanyika, yanayofunika sehemu tatu hadi nne kati ya nane za anga, na kitako chake kiko futi 4,500 juu ya uwanja. Joto ni nyuzi 27, na kiwango cha umande ni 15. Q1020 ni kanieneo ya hewa, hektopaskali 1020, ikiwa imepelekwa hadi usawa wa bahari.

Sasa shika penseli, tutafute kimo ambacho ndege itajiona iko. Uwanja wa Kanombe uko karibu futi 4,900 juu ya usawa wa bahari. Angahewa sanifu, ambayo vitabu vyote vya utendaji wa ndege vimejengwa juu yake, ina kanieneo ya 1013 na joto la nyuzi 15 pale baharini, na joto hilo hupungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kanieneo ya leo imezidi ile sanifu kwa 7. Kila hektopaskali moja ni kama futi 30, kwa hiyo toa futi 210, ubaki na futi 4,690. Katika kimo hicho joto sanifu ni nyuzi 5.6. Leo ni 27, kwa hiyo kuna nyuzi 21.4 za ziada. Kila nyuzi moja ya ziada huongeza futi 120. Zidisha, jumlisha, na jibu ni karibu futi 7,250.

Magurudumu yako yako futi 4,900, lakini bawa, propela na injini vinajiona viko futi 7,250. Hewa hapo ina msongamano uliopungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Injini ndogo isiyo na turbo inavuta hewa pungufu, kwa hiyo inatoa nguvu pungufu. Propela inashika hewa nyepesi. Bawa linahitaji kasi ya kweli iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 11 ili libebe uzito ule ule, ingawa kipima mwendo ndani ya ndege kitaonyesha namba ile ile uliyofundishwa. Rubani anayeinua pua kipima mwendo kinaposoma noti 55 anakimbia, kama hakuna upepo, kwa noti 61 juu ya lami. Umbali wa kukimbia kabla ya kuruka unaongezeka sana, na ndege iliyopakia uzito wote unaoruhusiwa inaweza kuhitaji karibu mara mbili ya kile ingehitaji Dar es Salaam asubuhi yenye ubaridi.

Njia ya kurukia ya Kanombe ina urefu wa mita 3,500, na ndege ndogo itaruka bila shida. Taabu huanza baada ya hapo. Ndege inapanda polepole, na mbele kuna vilima ambavyo havijali namba za kitabu. Ndiyo maana namkatalia mtu yeyote anayesema utendaji wa ndege ni somo la hesabu tu. Katika nchi ambayo mji mkuu wake uko juu kiasi hiki, somo hili ndilo linalosema kama abiria wa tatu atapanda au atabaki chini.

Vitabu vya mbali, anga ya hapa

Vitabu vingi vinavyotumika kwa masomo haya vimeandikwa Uingereza na Marekani. Ni vitabu vizuri. Lakini mwandishi wake alipotazama dirishani aliona anga nyingine.

Angalia sura za hali ya hewa. Kurasa nyingi zinaeleza hewa ya joto inapopanda juu ya hewa ya baridi, na aina za mawingu zinavyofuatana kwa saa nyingi hadi mvua ifike. Mwanafunzi anasoma, anakariri, kisha anatoka nje na haoni chochote cha namna hiyo. Hewa ya Rwanda haiendi hivyo. Inatawaliwa na ukanda mvua, ule mkutano wa pepo za kaskazini na za kusini unaolifuata jua na kupita juu ya nchi mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza huleta Itumba, kuanzia Machi hadi Mei, na mara ya pili huleta Umuhindo, kuanzia Septemba hadi Desemba. Unyevu unakuja kutoka Ziwa Victoria upande wa mashariki na bonde la Kongo upande wa magharibi. Asubuhi anga ni nyeupe na tulivu. Jua linapasha miteremko, hewa inapanda, na alasiri mawingu ya radi yamesimama kama minara juu ya milima. Ndani ya mawingu hayo mna mikondo ya kupanda na kushuka inayoweza kuivunja ndege ndogo.

Mwanafunzi afanye nini na zile kurasa za Ulaya? Azisome kwa bidii. Mtihani utamuuliza, na una haki ya kumuuliza, kwa sababu mwenye leseni hii hajafungiwa ndani ya mipaka ya Rwanda. Lakini pembeni mwa kila ukurasa aandike swali lake: jambo hili likoje hapa? Kitabu kinasema kwamba katika nusu ya kaskazini ya dunia, ukiupa upepo mgongo, kanieneo ndogo iko kushoto kwako. Kigali iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Nguvu ya Coriolis, inayozaa kanuni hiyo, karibu haipo hapa, na anayeitegemea kanuni hiyo katika eneo hili atapotea.

Dira nayo ina mambo yake. Sindano ya sumaku haikai sawasawa na ardhi. Inainama kuelekea ncha ya sumaku iliyo karibu zaidi, na kuinama huko kunaifanya idanganye wakati ndege inapokata kona au inapobadili mwendo. Ikweta ya sumaku inapita mbali kaskazini mwa Rwanda, kwa hiyo sindano ya Kigali inainamia kusini. Kanuni ambazo wanafunzi wa London hujifunza za kuwahi kutoka kwenye kona wanapoelekea kaskazini na kuchelewa wanapoelekea kusini, hapa zinageuka. Aliyekariri herufi za kukumbushia bila kujua zinatoka wapi atajibu sahihi kwenye karatasi iliyotaja nusu ya kaskazini, kisha akate kona vibaya juu ya Bugesera. Aliyeelewa kuinama kwa sindano hana haja ya herufi zozote.

Kuna jambo la tatu, na hili huwashangaza wengi. Wanafunzi wa nchi za joto huruka kurasa za barafu wakidhani haziwahusu. Barafu ya kwenye mabawa kweli ni nadra katika kimo cha ndege ndogo hapa. Lakini barafu ya kwenye kabureta ni jambo la Kigali kabisa. Petroli inapogeuka mvuke na hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta, joto hushuka kwa nyuzi nyingi kwa ghafla. Hewa yenye unyevu mwingi inaweza kuganda humo hata kama nje ni nyuzi 20 au zaidi, hasa rubani anapopunguza nguvu ili ashuke. Asubuhi ya Umuhindo, baada ya mvua ya usiku, ukungu ukiwa bado mabondeni, ndiyo hali yenyewe. Injini inaanza kukohoa wakati ule ule rubani anapojipanga kutua. Dawa yake ni kuvuta mkono wa joto la kabureta mapema, na sababu yake iko katika kurasa zile alizoziruka.

Kigali hadi Kamembe

Sasa tuyaunganishe. Chukua ramani uchore mstari kutoka Kanombe hadi Kamembe, uwanja ulio kusini-magharibi mwa nchi karibu na Ziwa Kivu. Umbali ni kama maili 80 za baharini, uelekeo karibu nyuzi 249. Ndege inayokwenda noti 100, ikipigwa na upepo wa mbele wa noti 10, itatumia dakika 53. Ikila lita 35 kwa saa, itahitaji lita 31 za safari, na kiwango cha ICAO kinaongeza akiba ya dakika 30 kwa safari ya mchana, yaani karibu lita 18. Hujaweka mafuta ya kupanda wala ya kwenda uwanja mwingine ukishindwa kutua. Mpaka hapa umetumia uongozaji wa safari, utendaji na sheria.

Uchague kimo. Sheria inawapa wanaoruka kwa kuona, wakielekea magharibi, vimo vya elfu shufwa na futi 500: 8,500, 10,500, 12,500. Mstari wako unapita juu ya msitu wa Nyungwe, na katika milima ile mlima Bigugu unafika mita 2,950, karibu futi 9,680. Kwa hiyo 8,500 ni kifo. 10,500 inakupa futi 800 tu juu ya kilele, katika eneo ambalo upepo ukivuka mgongo wa mlima huweza kuishusha ndege ghafla. 12,500 inatosha, lakini somo la mwili wa binadamu linakukumbusha kwamba kati ya futi 10,000 na 13,000 rubani hatakiwi kuzidisha dakika 30 bila oksijeni, kwa sababu upungufu wake humwanza mtu kwa kumfanya ajione mzima. Na somo la utendaji linakukumbusha kwamba ndege ya aina ya Cessna 172 hufikia ukomo wake karibu na futi 14,000, ambako hupanda futi 100 tu kwa dakika, na siku ya joto ukomo huo unashuka.

Rudi kwenye ile taarifa ya Kanombe. Mawingu yalikuwa futi 4,500 juu ya uwanja. Ukisimama Kanombe ukitazama juu, yanaonekana mbali sana. Jumlisha na mwinuko wa uwanja: futi 9,400 juu ya usawa wa bahari. Mawingu ya Nyungwe yakiwa na kitako cha kimo hicho hicho, kilele cha Bigugu kimo ndani yake. Rubani binafsi anayeruka kwa kuona haruhusiwi kuingia humo. Na saa ilikuwa tisa alasiri, wakati ambao mawingu juu ya msitu yanaendelea kukua.

Jibu la safari hii ni kutokwenda. Au kwenda kesho asubuhi na mapema, au kuuzunguka mlima na kuongeza mafuta. Angalia tulivyolifikia jibu hilo. Hakuna somo hata moja lililotosha. Hali ya hewa peke yake ilisema anga ni nzuri. Sheria peke yake ilisema futi 8,500 ni halali. Hesabu ya mafuta peke yake ilisema tangi linatosha. Yalipokaa meza moja ndipo ukweli ulipotoka.

Redio, somo la mdomoni

Somo la redio huachwa mwisho na wengi, kwa kuwa linaonekana jepesi. Mimi nasema lianze siku ya kwanza, na lisomwe kwa sauti. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu na watu 583 wakafa. Mojawapo ya sababu ilikuwa maneno ya redio yaliyoeleweka kwa namna mbili. Baada ya hapo lugha ya redio ilikazwa: neno la Kiingereza la kuruka halitamkwi tena na mnara ila wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe, na rubani hurudia kila ruhusa na kila namba ya kanieneo aliyopewa.

ICAO imegawa ujuzi wa lugha katika ngazi sita. Rubani anatakiwa afike walau ya nne, na aliye ngazi ya nne hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Mnyarwanda aliyekua akiongea Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa au Kiingereza shuleni ana masikio yaliyozoea lugha nyingi, na hilo ni faida. Hata hivyo matamshi ya redio ni ya peke yake: tatu ni "tree", tano ni "fife", tisa ni "niner". Mdomo unayajifunza kwa kuyasema tu, kila siku, huku ukijibizana na mwenzako anayeigiza mnara.

Namna ya kusoma

Esther Mbabazi, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa ndege za abiria, alianza mafunzo yake Soroti, Uganda, katika chuo kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1971. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, chuo kikabaki. Nalitaja jambo hili kwa sababu njia ya urubani katika ukanda wetu ni ya kweli, imepitwa na watu tunaowajua, na inaanza na nadharia ile ile iliyo mbele yako.

Anza na sheria na mwili wa binadamu, kwa kuwa havidai hesabu na vinakupa msamiati. Fuata na kanuni za kuruka na mitambo ya ndege kwa pamoja, maana moja linaeleza jingine. Kisha hali ya hewa, na baada yake utendaji, uongozaji na taratibu za safari bila kuvitenganisha. Kila unapomaliza sura, funga kitabu uandike kwa kumbukumbu yako ulichoelewa. Irudie baada ya siku chache, kisha baada ya wiki. Kinachokutoa jasho kukikumbuka ndicho kitakachodumu. Kaa na wenzako, pale Maktaba ya Umma ya Kigali, Kacyiru, au sebuleni kwa mmoja wenu, na kila mtu afundishe kipande kimoja bila kutazama kitabu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo: pale mwalimu anapokwambia "ndivyo ilivyo", muulize ni kwa nini.

Mikusanyiko ya maswali iache kwa wiki za mwisho, uitumie kupima ulichokwisha kukijua. Kila jibu unalolipata, sahihi au kosa, sema kwa sauti kwa nini yale matatu mengine si sahihi. Ukishindwa, rudi kwenye sura.

Na kila juma, chora safari moja ya Rwanda au ya jirani. Kigali hadi Kamembe. Kigali hadi Entebbe. Kigali hadi Mwanza. Tumia taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo, hesabu uzito, mafuta na kimo, kisha andika chini ya karatasi uamuzi wako: naenda, au siendi, na sababu. Siku utakapoweza kuandika "siendi" na kuitetea mbele ya mwalimu kwa masomo yote tisa, jiandikishe kwa mtihani. Utakuwa tayari kwa mtihani na kwa ndege pia.